Koki ya Ndoo ya Mvinyo: Ifungue Uitazame Ndani

Saa kumi na moja alfajiri nilikanyaga majimaji kabla sijawasha taa. Nilipowasha, sakafu ya stoo ilikuwa nyekundu kutoka mlangoni hadi chini ya kabati. Ndoo yangu ya lita 20, niliyoijaza mvinyo wa rosela jioni iliyotangulia, ilikuwa imebaki na robo tu. Koki yenyewe ilikuwa imefungwa barabara. Mvinyo haukupitia mdomoni. Ulipitia pembeni, kwenye tundu, pale washa ya mpira ilipojikunja wakati nakaza nati kwa spana, kwa nguvu zangu zote, nikiamini ndivyo inavyotakiwa.

Hasara ile iliniuma, lakini ilikuwa ya wazi: unaiona, unapiga deki, unanunua washa nyingine. Hasara ya pili ilikuja miezi kadhaa baadaye na haikumwaga hata tone. Mvinyo ulitoka mwekundu na angavu, ukajaa chupa 26, ukalala wiki sita. Nilipofungua chupa ya kwanza, ulinuka siki. Ya pili siki, ya tatu siki. Nilirudi kwenye ndoo nikiwa sielewi, kwa sababu niliiosha, nikaisuuza, na kwenye koki nilipitisha maji ya moto mara tatu. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaivunja ile koki vipande. Kati ya kile kipande kinachozunguka na ganda lake nilikuta utelezi wa zambarau iliyofifia, unanuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahaulika kwenye ndoo.

Tangu siku hiyo naishika koki kama chombo kamili kinachojitegemea. Ina vyumba vyake vya ndani, na maji yanayopita katikati hayaingii kwenye vyumba hivyo. Unayetengeneza mvinyo nyumbani, iwe ni rosela (wengine mnaiita choya), ndizi, zabibu, nanasi au asali, ukishika hilo peke yake utakuwa umeokoa chupa nyingi.

Ndoo za koki zimejaa majumbani mwetu. Mwaka 2020, wakati wa korona, karibu kila duka, kanisa, msikiti na kituo cha daladala kiliweka ndoo ya kunawia mikono, na mafundi wakatoboa ndoo mchana na usiku. Nyingi bado zipo. Mtu akianza kuchachusha huitazama ile ndoo pembeni akaona kazi imeshafanyika: chombo kipo, koki ipo, mfuniko upo. Lakini koki ile iliwekwa kwa ajili ya maji ya kunawa. Maji hayaachi chakula nyuma. Mvinyo unaacha sukari, unaacha hamira, unaacha unga wa tunda, na wenyewe ni mchachu. Vitu viwili tofauti kabisa vinaomba koki mbili tofauti.

Wenzetu wa pwani wana somo zuri hapa. Mgema anapopanda mnazi, kibuyu chake hubaki na mabaki ya tembo la jana, na mabaki hayo ndiyo yanayoliwahisha tembo la leo. Utomvu huanza kuchachuka ukiwa bado juu ya mti. Kwake yeye mabaki ni msaada, kwa sababu tembo hunywewa siku hiyo au kesho yake, na likizidi kukaa linageuka siki na hakuna anayeshangaa. Sisi wa mvinyo tunataka kinywaji kikae miezi. Tunataka hamira tuliyoichagua ifanye kazi peke yake, kisha inyamaze. Mabaki ya safari iliyopita kwetu ni mgeni asiyealikwa, na koki ndiyo nyumba yake.

Louis Pasteur alieleza jambo hili Ufaransa katika miaka ya 1860: siki haitokei yenyewe, inatengenezwa na vijidudu hai, navyo vinahitaji hewa. Sasa fikiria mdomo wa koki. Kila ukichota, matone machache yanabaki pale, ndani ya kimrija chenye unyevu, kilicho wazi kwa hewa, chenye pombe kidogo na sukari kidogo. Vile vinzi vidogo vya matunda, vinavyojaa jikoni ndizi zikiiva, vinatua pale pale, na miguuni vimebeba vijidudu vya siki. Ukichota tena kesho, mvinyo wote unaoingia kwenye chupa unapita kwenye lango hilo.

Nianze na uchaguzi, kwa kuwa koki mbaya haitengenezeki kwa kuoshwa.

Iache koki ya shaba ya njano, hata ile iliyong'arishwa juu ikafanana na fedha. Shaba hiyo mara nyingi ina madini ya risasi ndani yake kidogo, na mng'aro wa nje haufiki kwenye njia ya ndani. Maji yanaweza kupita bila kuichokoza sana. Mvinyo wa rosela ni mchachu kama ndimu iliyozimuliwa. Ukikaa wiki tatu ndani ya shaba utaila, na risasi itaingia kwenye kinywaji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha risasi kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 tu kwa lita, kiasi ambacho jicho na ulimi haviwezi kukitambua. Kwa hiyo usitegemee kuonja. Vilevile ziache zile koki za kubonyeza zenye springi, kama za mashine za maji baridi: springi imejificha, inapata kutu, na huwezi kuitoa bila kuivunja.

Zinazobaki ni mbili. Ya kwanza ni koki ya plastiki inayofunguka vipande: ganda, kipande cha kuzunguka, nati na washa. Ni ya bei nafuu, na kwa ndoo ya nyumbani mimi naipendelea kuliko zote. Ukiwa dukani jaribu kuizungusha na kuivuta; kama muuzaji anakuhakikishia kwamba haifunguki kamwe, mrudishie. Ya pili ni koki ya chuma cha pua, yenye kitufe cha duara ndani kilichotobolewa katikati, inayofunguka kwa robo mzunguko. Inadumu sana, lakini nyuma ya kile kitufe kuna nafasi inayobaki na mvinyo kila unapoifunga. Kama yako ni ya aina hii, nunua ile inayofunguliwa kwa boliti, vinginevyo utaosha nje tu.

Ndoo nayo iwe ya plastiki ya chakula. Geuza kitako utazame pembetatu. Namba 2 na namba 5 ndizo ninazozikubali, mradi ndoo haikuwahi kubeba kitu kingine. Ndoo iliyotoka na rangi ya ukuta inafaa kubebea mchanga wa ujenzi. Plastiki inanyonya harufu na kemikali, na pombe inazitoa tena. Najua ndoo za rangi ni imara na zinapatikana kwa bei ya kutupa, na najua watu wengi wanazitumia kwa maji. Kwa mvinyo nasema hapana.

Kutoboa tundu ni kazi ya dakika tano inayoharibika kwa dakika moja. Mafundi wetu wengi hupasha moto kipande cha bomba la chuma na kukisukuma kwenye plastiki. Tundu linatoka, ndiyo, lakini ukingo wake unavimba kama mdomo wa jeraha, ndani na nje, na washa haiwezi kulala juu ya uvimbe huo. Ukiweza, tafuta fundi mwenye drili na msumeno wa duara. Koki ya nusu inchi ina hesi yenye upana wa karibu milimita 21, kwa hiyo tundu la milimita 22 linatosha. Likiwa pana zaidi koki inacheza. Likiwa jembamba utaisokomeza kwa nguvu na ukuta utapasuka. Kama njia ni ile ya moto tu, chukua kisu chenye makali, kwangua uvimbe wote, malizia kwa msasa laini mpaka kidole kikipita kisihisi chochote.

Tundu likae juu kiasi gani? Ukingo wake wa chini uwe kama sentimita 3 juu ya sakafu ya ndoo. Chini ya hapo ndipo mashapo yanapolala, yaani hamira iliyokufa na vumbi la tunda, na hutaki kuyachota. Pia chini kabisa ukuta wa ndoo huanza kujikunja kuelekea kwenye kitako, na washa haishiki kwenye mkunjo. Kwa sababu hiyo hiyo ndoo ndogo za lita 5 zinasumbua: mviringo wake ni mkali mno kwa washa bapa. Lita 20 ukuta wake umenyooka kiasi cha kutosha.

Sasa washa, jambo linalobishaniwa kuliko yote. Koki nzuri huja na washa mbili, moja ndani na moja nje, na ukiwa nazo mbili hakuna mjadala. Ukiwa na moja tu, iweke nje, kati ya ukosi wa koki na ukuta wa ndoo. Watu wengi huiweka ndani, upande wa mvinyo, wakisema azuiwe adui kabla hajaingia. Tazama njia ya mvinyo lakini. Upande wa ndani kuna nati, na kati ya nati na hesi kuna upenyo. Mvinyo unaifuata hesi kama mtu anayeshuka ngazi za mzunguko, unafika kwenye tundu, unatoka nje, na washa yako iliyokaa ndani chini ya nati haikuuzuia popote. Upande wa nje ukosi ni kitu kimoja na koki, hauna upenyo. Washa ikikaa hapo, mvinyo ukipita kwenye hesi unagonga washa na kukwama.

Kaza kwa mkono. Ikishakataa kwa vidole, ongeza robo ya mzunguko kwa kiganja, kisha acha. Spana ndiyo iliyonipotezea zile lita 15. Washa inafanya kazi kwa kulala na kutandazika. Ukiibana kupita kiasi inatoka pembeni kama embe lililokanyagwa. Shikilia koki isizunguke huku ukikaza nati ya ndani, maana koki ikizunguka inaiburuta washa. Ule utepe mweupe wa mafundi bomba hausaidii hapa, kwa sababu uzuiaji unafanywa na washa, si hesi. Tena vipande vyake huning'inia ndani ya ndoo na kukusanya uchafu.

Baada ya hapo jaza maji mpaka juu, weka ndoo juu ya meza, tandaza gazeti kavu chini ya koki, na uache usiku kucha. Usijaribu kwa maji ya kufunika koki tu. Ndoo iliyojaa inavimba kidogo tumboni, ukuta unabadilika umbo, na koki iliyokuwa kavu kwenye lita 5 inaweza kutoa jasho kwenye lita 20. Asubuhi gazeti likiwa na duara hata dogo kama shilingi, fungua, tazama washa, rudia. Nafanya jaribio hili kila safari, hata kwa koki niliyoizoea miaka mingi. Linachukua usiku mmoja ambao ningelala hata hivyo.

Kuna swali ninaloulizwa mara nyingi: je, ndoo ya kuchachushia inahitaji koki kweli? Maoni yangu ni kwamba anayeanza atafute ndoo mbili. Ya kwanza isiyo na tundu lolote, humo uchachushe. Ya pili yenye koki, uitumie siku ya kujaza chupa tu. Mvinyo ukishatulia, uhamishe kwa mpira safi kutoka ndoo ya kwanza kwenda ya pili, ukiacha mashapo nyuma, halafu ujaze chupa kwa koki. Kwa njia hiyo koki inakutana na mvinyo kwa saa moja badala ya mwezi mzima; haiwezi kuvuja usiku ukiwa umelala, na haibebi mashapo. Gharama ni ya ndoo moja zaidi. Ukiwa na ndoo moja tu yenye koki, inawezekana, nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu, lakini ujue unaongeza uangalifu.

Kwa mwenye ndoo moja, yapo ya kuzingatia. Matunda yaweke kwenye mfuko wa kitambaa cheupe kilichochemshwa, usiyaache yakielea, kwani ganda moja la rosela likiingia kwenye koki linaiziba kabisa. Likiziba usipulize kwa mdomo. Mdomo wa binadamu umejaa vijidudu. Ambatisha mpira safi kwenye koki, jaza mpira huo maji yaliyochemshwa na kupoa, inua ncha yake juu ya usawa wa mvinyo, kisha fungua koki. Maji yatarudi ndani na kulisukuma ganda.

Kabla ya kujaza, chagua mahali pa kudumu. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina zaidi ya kilo 20, na kuinyanyua kwa kushika karibu na koki ni kuilegeza. Iweke moja kwa moja juu ya meza au benchi imara, koki ikitazama nje lakini haitokezi njiani. Watoto huning'inia penye kitu kinachoning'inika. Nimeona koki ikivunjwa na mlango wa stoo uliofunguliwa kwa haraka. Halafu fanya hivi: chomeka kibao chembamba, kama sentimita 2, chini ya upande wenye koki, ndoo iegemee nyuma kidogo. Mashapo yatateremka na kulala upande wa nyuma, mbali na tundu. Siku ya kuchota usikitoe kibao wala kuisogeza ndoo. Kile kitakachobaki mwishoni kiache. Tamaa ya mabaki hayo huchafua chupa tano.

Siku ya kuchota ina mtego mmoja ambao wengi hawaujui. Kwenye mfuniko kuna kipumuo, kile kichupa chenye maji kinachotoa mapovu wakati wa uchachukaji. Ukifungua koki huku mfuniko umebana, mvinyo unaotoka chini unaacha ombwe juu, na ndoo inavuta hewa kupitia kwenye kipumuo. Pamoja na hewa inavuta yale maji yaliyokaa humo wiki nzima, na kama kuna vinzi vilivyozama, vinaingia navyo. Toa kipumuo kwanza, ziba tundu lake kwa pamba safi iliyoloweshwa spiriti ya hospitalini ya asilimia 70 kisha ikakamuliwa isidondoke. Ndipo ufungue koki. Utaona pia mvinyo unatoka kwa mtiririko wa utulivu bila kukohoa.

Nyunyizia mdomo wa koki spiriti hiyo hiyo, subiri dakika moja ikauke, chota nusu glasi ya kwanza na uimwage. Kisha vika koki mpira wa plastiki ya chakula unaofika mpaka kitako cha chupa. Mvinyo unaodondoka kutoka juu unatoa povu, povu linaingiza hewa, na hewa inaufanya upoteze rangi na harufu ya tunda ndani ya wiki chache. Ukijaza kutoka chini kwenda juu unaingia kimya. Fungua koki taratibu, usiifungue yote, na kati ya chupa na chupa ubane mpira kwa vidole badala ya kuchezesha koki kila mara.

Kama huchoti wote kwa siku moja, ingawa nisingependa uchote kidogo kidogo, basi baada ya kila kuchota osha mdomo wa koki kwa maji yaliyochemka yaliyopoa, nyunyizia spiriti, uvike kimfuko safi cha plastiki na ukifunge kwa rababendi. Vinzi havitapata pa kutua.

Usafi sasa. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipopotezea chupa zangu 26.

Koki ioshwe siku ile ile ndoo ilipokwisha, ikiwa bado mbichi. Mvinyo uliokauka unageuka gundi. Ifungue yote: nati, washa, ganda, kipande cha kuzunguka. Plastiki ikikataa kuachia, itumbukize kwenye maji ya moto ambayo mkono hauvumilii lakini hayachemki, dakika mbili, kisha zungusha kishikio huku unavuta. Maji yanayotokota yanapinda hesi za plastiki laini, na hesi iliyopinda haitakaa sawa tena. Osha kila kipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo na marashi. Tumia mswaki mpya wenye nywele laini uliotengwa kwa kazi hiyo tu, na kwa njia ya ndani tumia brashi ndogo ya kusafishia chupa za watoto. Steelwool isiguse plastiki. Kila mkwaruzo ni mfereji ambao vijidudu vinajificha humo na hakuna dawa itakayovifikia.

Baada ya sabuni ndipo inakuja dawa, na mpangilio huu haupinduliwi: dawa haiui uchafu, inaua kilichobaki baada ya uchafu kuondoka. Jiki ya kawaida, isiyo na harufu wala rangi, inatosha: kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 4 za maji baridi, vipande vyote vizame dakika 20. Kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Usuuzaji huu usiupunguze hata siku moja, kwa kuwa klorini kidogo sana ikikutana na mvinyo wa tunda inazaa harufu ya dawa ya hospitali isiyotoka tena. Koki ya chuma cha pua usiiache kwenye jiki zaidi ya muda huo, maana klorini inaitoboa vitundu vidogo. Na wakati inaloweka, kishikio kiwe nusu wazi ili maji ya dawa yafike nyuma ya kile kitufe. Na nakuomba sana, usichanganye jiki na siki wala ndimu kwa kudhani nguvu zitaongezeka. Hewa inayotoka hapo ni sumu, na imeshaumiza watu jikoni mwao.

Wanaotengeneza kwa wingi hutumia sodiamu metabaisalfaiti, unga unaouzwa na wauza kemikali za vyakula, na hata wakufunzi wa usindikaji wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaifahamu vizuri. Ni nzuri na haiachi harufu ya hospitali. Ila inatoa hewa inayobana kifua, hivyo mwenye pumu afungue madirisha au amwachie mwingine kazi hiyo.

Vipande vikishasuuzwa, vianike juu ya kitambaa safi vikiwa vimetengana, mpaka vikauke kabisa. Usiifunge koki ikiwa na unyevu ukaiweka kabatini hadi msimu ujao. Nihifadhivyo mimi ni hivi: vipande vikavu, ndani ya mfuko wa karatasi, ndani ya ndoo kavu isiyofunikwa kwa kubana. Siku ya kuanza tena navitia dawa upya kabla ya kuunganisha. Wakati wa kuunganisha lowesha kwa maji safi tu. Mafuta ya kujipaka yanalainisha kweli, lakini yanaozesha mpira wa washa na yanaacha ladha.

Washa haina umri maalumu. Ikandamize kwa ukucha. Ikirudi haraka bado ni hai, ikibaki na alama au ikionyesha nyufa, itupe. Inuse pia. Washa iliyonyonya harufu ya siki haitaiachia, hata ukiiloweka siku tatu.

Ikitokea koki imevuja katikati ya uchachukaji, usiikaze kwa hofu. Nati ya ndani huifikii wakati huo, hivyo jaribu robo mzunguko mmoja tu wa mkono upande wa nje. Isipoacha kuvuja, weka bakuli chini, andaa ndoo nyingine safi, na uhamishe mvinyo kwa mpira. Wapo wanaobandika sabuni ya mche, kwa kuwa wameona mafundi wa magari wakizuia hivyo tangi la petroli linalovuja. Petroli haiyeyushi sabuni. Mvinyo, ambao sehemu yake kubwa ni maji, unaiyeyusha. Utapata saa moja ya utulivu kisha ndoo yenye povu la sabuni.

Wasomaji wasiogusa pombe wananiuliza kama haya yanawahusu katika kutengeneza siki ya nanasi au ya ndizi. Yanawahusu, hasa kuhusu shaba, kwa sababu siki inaila kuliko mvinyo. Na kama nyumba moja inatengeneza vyote viwili, koki na ndoo ya siki visiguse mvinyo milele. Ziandike kwa kalamu isiyofutika. Kwa anayefikiria kuuza, koki ya plastiki ya ndoo ni ya nyumbani. Biashara ya vinywaji Tanzania inapitia Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, na huko utatakiwa kuonyesha vifaa salama kwa chakula na kumbukumbu za usafi wake.

Leo jioni, kabla hujanunua rosela au ndizi za safari nyingine, ichukue koki yako, iloweke kwenye maji ya moto dakika mbili, ivute ifunguke, uitazame ndani chini ya taa. Ukikuta utelezi, usianze kesho. Nunua washa mpya kwanza, na kama koki haifunguki, nunua koki.